Kitwitwi Mdomo-Kijiko: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara, na Majibu Kutoka Dodoma

Nafundisha baiolojia katika sekondari moja ya hapa Dodoma. Jumamosi nikipata nafasi na nauli nawachukua wanafunzi wachache, tunakwenda Hombolo au Bahi kuhesabu ndege wa matopeni. Siku moja nilibandika ubaoni picha ya ndege ambaye hajawahi kukanyaga Tanzania, nikidhani nitaizungumzia dakika kumi tu. Hadi leo naulizwa: na wanafunzi, na wazazi wao, na hata kondakta wa basi la Bahi aliyeiona kwenye simu ya mtoto. Nimekusanya hapa maswali yanayojirudia. Mengine nimeyaacha yalivyoulizwa.

Mwalimu, huyu ni ndege gani, na mbona hana jina la Kiswahili?

Kitaalamu anaitwa Calidris pygmaea. Linnaeus, mtaalamu wa Sweden aliyeanzisha mfumo wa majina ya kisayansi, alimwandika tangu mwaka 1758, kwa hiyo kwa wanasayansi si mgeni. Jina la Kiswahili hana kwa sababu hatui kwenye pwani ya Waswahili wala bara yao, na watu hawatungi jina la kiumbe wasichokutana nacho. Sisi tumemwita kitwitwi mdomo-kijiko. Vitwitwi mnawafahamu: vile vindege vya ukingoni mwa maji, miguu kama njiti, vinavyokimbia vikidonoa kana kwamba vimechelewa mahali.

Huyu ni mdogo hata miongoni mwao. Urefu wake ni sentimita 14 hadi 16, na uzito gramu 30 hivi. Yai la kuku wa kienyeji linamzidi. Wakati wa kuzaa, kichwa na kifua huwa na rangi ya kutu, kisha hurudia kijivu na weupe. Kinachomtenga na wenzake wote ni ncha ya mdomo, iliyopanuka na kubapa kama kijiko cha chai. Kifaranga hutoka yaini nacho tayari.

Huzaa mahali pamoja tu duniani: Chukotka na kaskazini mwa Kamchatka, mwisho kabisa wa Urusi upande wa mashariki. Huko nako hakai popote, bali kwenye ukanda mwembamba wa tundra, nchi baridi isiyo na miti, kilomita chache kutoka baharini. Jike hutaga mayai manne chini, kwenye kishimo. Mayai yakianguliwa, dume ndiye anayebaki kulea. Baridi ikianza kunyemelea, wote hushuka kusini, safari ya kilomita kama 8,000, hadi Myanmar, Bangladesh, Thailand, Vietnam na kusini mwa China.

Mimi nimemwona Mtera! Mweupe, mrefu, mdomo kama mwiko.

Huyo ni domomwiko. Ni ndege mwingine kabisa, anafika sentimita 90, miguu na uso mwekundu, na yeye ni mwenyeji wetu. Utamkuta Mtera, Bahi, hata kwenye lambo la ng'ombe akifagia maji kulia na kushoto. Mwiko na kijiko vyote ni vya jikoni lakini vipimo vyake havilingani. Swali hili nalipata kila msimu na sichoki nalo, maana aliyeliuliza walau alisimama akatazama.

Kama haji kwetu, watu wa Dodoma yanatuhusu nini?

Hili huulizwa na watu wazima, mara nyingi kwa sauti ya kunihurumia. Jibu langu ni ndugu yake.

Kuna kitwitwi mwingine, Calidris ferruginea, ambaye mdomo wake umepinda kuelekea chini. Tunamwita mdomo-mundu. Huyu anazaa kaskazini ya mbali ya Siberia, sehemu kama Taimyr, halafu ukoo unagawanyika. Wengine wanashika njia za Ulaya na Mashariki ya Kati na kuingia Afrika, wakiwamo wanaotua kwenye maziwa ya Bonde la Ufa na kwetu huku kati. Wengine wanashika njia ya mashariki, wanapita Bahari ya Njano kati ya China na Korea, wanamalizia Australia.

Mwaka 2015 serikali ya Australia ilimtangaza mdomo-mundu kuwa yuko hatarini kabisa kutoweka nchini mwake. Ndege yuleyule, manyoya yaleyale, mayai manne yaleyale. Tofauti ni kwamba wa Australia anapita Bahari ya Njano, njia ileile anayopita mdomo-kijiko. Sitaki mtu adhani kwamba wa upande wetu wamesalimika: hesabu za Langebaan, Afrika Kusini, nazo zimeshuka sana, na Oktoba 2024 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimpandisha mdomo-mundu wa dunia nzima hadi daraja la walio hatarini. Lakini ule mporomoko wa mashariki ulitufundisha kitu. Ukiniuliza ndege fulani anapungua kwa nini, sitaanza na ndege. Nitakuuliza anapita wapi.

Mdomo-kijiko wamebaki wangapi? Na nani aliyewahesabu huko porini?

Miaka ya 1970 walikadiriwa kuwa jozi 2,000 hadi 2,800 zinazozaa. Kufikia mwaka 2000 hazikufika 1,000. Mwaka 2009 makadirio yalikuwa jozi 120 hadi 200, na kasi ya kushuka kati ya 2002 na 2009 ilikuwa asilimia 26 kwa mwaka. Jaribu kuchukua zizi la ng'ombe 100 na kulipunguza kwa asilimia 26 kila mwaka. Mwaka wa saba unabaki na 12. Ndiyo maana watu walianza kusema hadharani kwamba atakwisha ndani ya miaka kumi.

Baadaye makadirio ya mwaka 2014 yakatoa jozi 210 hadi 228. Wanafunzi hufurahi hapa, nami huwakatiza: ndege hawakuongezeka, ila waliohesabu walipata njia bora ya kuhesabu. Njia yenyewe mfugaji yeyote anaielewa. Tuseme una mbuzi waliotawanyika msituni, hujui idadi. Unakamata 20, unawapaka rangi, unawaachia. Wiki ijayo unakaa lamboni, wanakuja mbuzi kumi kunywa maji, watano wana rangi. Nusu ya unaowaona ina rangi, basi wale 20 ni nusu ya wote, na wote ni kama 40. Kwa mdomo-kijiko, rangi ni kibendera kidogo cha plastiki mguuni, na lambo ni fukwe za Jiangsu, China, wanakokusanyika kubadilisha manyoya.

Makadirio yaliyofuata yanaweka wanaofikia umri wa kuzaa chini ya 500, na ukijumlisha vijana wote hawafiki 800. Bado wanapungua, lakini kasi si ile ya asilimia 26.

Kinachowamaliza ni nini hasa?

Mambo mawili makubwa, na yote mawili yako njiani na ugenini, si nyumbani kwao Chukotka.

La kwanza ni tope. Mtoto wa Dodoma ambaye hajaiona bahari inabidi aelezwe: bahari hupwa na kujaa, mara mbili kwa siku. Ikipwa, sehemu nyingine inaacha uwanda wa matope wenye upana wa kilomita kadhaa, na ndani ya tope hilo kuna minyoo, kaa wadogo na konokono wasio na idadi. Kwa vitwitwi hapo ndipo sheli. Lori likitoka Dar es Salaam kwenda Kigoma haliwezi kubeba mafuta ya safari nzima. Linajaza Morogoro, linajaza Dodoma, linajaza Tabora. Sasa fikiria umefika Manyoni taa ya mafuta inawaka, unakuta sheli imefukiwa na juu yake wamejenga ghala. Lori litazima njiani, na fundi hatakuta ubovu wowote kwenye injini.

Bahari ya Njano ndiyo sheli kuu ya njia ile. Kwa miaka 50 imepoteza hadi asilimia 65 ya nyanda zake za matope. Bahari ilifukiwa kwa ajili ya viwanda, bandari, mashamba na mabwawa ya samaki. Mfano unaotajwa zaidi ni Saemangeum, Korea Kusini, ambako ukuta wa bahari wenye urefu wa kilomita 33 uliziba ghuba mwaka 2006. Kilomita 33 ni karibu umbali wa kutoka Dodoma mjini hadi Hombolo. Nyuma ya ukuta huo maji yaliacha kupwa na kujaa, na tope likafa. Kuna na adui mwingine mle, jani: nyasi ya Spartina iliyoletwa kutoka Marekani kuzuia mmomonyoko, ikasambaa na kuyafunika matope ambako ndege walikuwa wakila. Kitwitwi hali kwenye majani marefu. Anataka aone anayemjia.

La pili ni wavu. Huko Myanmar, kwenye Ghuba ya Mottama, wanakijiji walitega ndege wa matopeni kwa ajili ya chakula na kuuza. Hawakumlenga mdomo-kijiko, gramu 30 si mboga ya kumlisha mtu. Walitaka ndege wakubwa zaidi, ila wavu hauchagui. Na hapa kuna jambo ambalo watu hulipita haraka. Vijana wa mdomo-kijiko hawarudi Urusi mwaka wao wa kwanza. Hubaki kusini hadi wakomae, kwa hiyo mtegaji alikuwa na mwaka mzima wa kuwanasa wale wasio na uzoefu. Wazee wakawa wanarudi Chukotka, wanazaa, na hakuna anayekuja kushika nafasi yao. Ukoo unaweza kuonekana mzima machoni ilhali umeshakatika.

Mabadiliko ya tabianchi nayo yamo, hasa kwa ndege anayezaa ukanda mwembamba hivyo pembeni mwa bahari. Ila anayeanza na tabianchi akaacha ukuta na wavu, naona anakwepa.

Basi hao wategaji si wakamatwe wafungwe?

Aliyeniuliza hivi alikuwa kijana kutoka Kondoa, nikacheka, naye akacheka alipoelewa. Kondoa watu hutega kweleakwelea tangu enzi za mababu, wanawachoma, wanawakaanga, na ni mboga nzuri. Kwelea ni mamilioni na wanamaliza mtama, hivyo hakuna anayelalamika. Sasa mwulize mtegaji wa Kondoa: wavu ukinasa kandege kamoja kengine ndani ya kwelea mia tatu, utakajua?

Waliofanya kazi Mottama walianza na kukaa kitako na wategaji, kijiji kwa kijiji, kuwauliza wanachohitaji ili waache. Wengi walihitaji zana: nyavu za samaki, mitumbwi, mtaji mdogo wa kuanzia. Wakapewa kwa makubaliano kwamba hawategi tena ndege, na baadhi yao wakawa ndio walinzi na wahesabuji. Bangladesh nako, kisiwani Sonadia, walifanya vivyo hivyo. Utegaji ulipungua sana, na wataalamu wengi wanaona hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya ile kasi ya asilimia 26 kupoa. Mwaka 2017 Ghuba ya Mottama iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Kufunga watu kungekuwa rahisi kutangaza redioni. Lakini askari anayelinda kilomita mia za matope usiku bado hajazaliwa.

Ule mdomo una kazi gani?

Anautumia kwenye tope laini lenye maji kidogo. Huusukuma mbele, huutikisa kushoto na kulia, huchota, wakati mwingine hugonga haraka haraka kama sindano ya cherehani. Ncha yake imejaa mishipa ya hisia, kwa hiyo anachokitafuta hukigusa kabla ya kukiona. Yaani ni kijiko chenye ulimi.

Kwa nini wasifugwe tu, kama kuku, wakaongezeka?

Walijaribu, tena kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kuwafuga kabisa. Kuanzia mwaka 2011 mayai na vifaranga vilichukuliwa Urusi, wakapelekwa Slimbridge, Uingereza, kwenye kituo cha ndege wa majini. Wazo lilikuwa kuwa na akiba: wakiisha porini, wawepo kwenye banda. Ila kitwitwi huyu si kuku. Ameumbwa kuzaa kwenye mwanga wa saa 24 wa kiangazi cha kaskazini baada ya kuruka kilomita elfu nane, na ukimnyima safari hiyo mwili wake hausikii msimu. Wakabadilisha taa, wakabadilisha chakula, miaka ikapita. Mwaka 2016 mayai yalianguliwa lakini vifaranga vikafa. Mwaka 2019 ndipo walipofanikiwa kukuza wawili. Wawili, baada ya miaka minane.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda kuisimulia, kwa sababu bibi zetu wanaijua. Ukiyaondoa mayai ya kuku mapema, anataga mengine. Kwenye kijiji cha Meinypil'gyno huko Chukotka, kuanzia mwaka 2012, watafiti huchukua mayai ya kwanza ya jozi, huyaangulia kwenye mashine ya kutotolesha, na hukuza vifaranga ndani ya uzio wasikofika mbweha wala shakwe. Wakishaweza kuruka wanaachiwa wajiunge na wenzao. Wazazi, mara nyingi, huwa wameshataga tena. Porini jozi moja kwa wastani haifikishi hata kifaranga mmoja hadi kuruka kwa mwaka. Kwa njia hii, kila mayai manne hutoa kama watatu. Vijana waliolelewa hivyo wameonekana China, Thailand na Myanmar, na baadhi wamerudi Chukotka kuzaa wenyewe.

Ila hata wakikuzwa elfu, watapita palepale. Banda halijengi tope.

Kuna habari njema yoyote?

Ipo. Mwaka 2018 China ilisimamisha ufukiaji wa bahari kwa ajili ya biashara. Mwaka 2019 sehemu ya pwani ya Bahari ya Njano, ikiwamo Tiaozini mkoani Jiangsu, iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia, na mwaka 2024 eneo hilo likaongezwa. Tiaozini ni mahali pa kwanza kwa mdomo-kijiko kubadilisha manyoya. Kama ukuta ungejengwa pale, nisingekuwa na maswali ya kujibu hapa.

Kuna jambo moja pale ambalo naliona lina maana kwetu. Maji yakijaa, ndege wanahitaji mahali pakavu pa kusubiri, na ufukwe wa zamani ulikuwa umegeuzwa mabwawa ya samaki. Mwaka 2020 walichukua bwawa moja la ekari zaidi ya mia, wakapunguza maji, wakasawazisha, wakaacha vijisiwa vya tope. Ndege wakaja kwa maelfu. Lilikuwa bwawa la samaki tu, na kilichofanyika ni kushusha maji.

Je, kuna ndugu wa hawa ambaye ameshakwisha kabisa?

Yupo. Numenius tenuirostris, ndege mkubwa kidogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, aliyekuwa akizaa Siberia na kuhamia nchi za Mediterania. Mara ya mwisho kuonekana kwa uhakika ilikuwa Februari 1995, kwenye wangwa wa Merja Zerga, Moroko. Watu walimtafuta kwa miaka 30. Oktoba 2025 IUCN ikatangaza rasmi kwamba ametoweka. Kiota chake hakijawahi kuonekana tena tangu miaka ya 1920, kwa hiyo hadi anakwisha hakuna aliyekuwa na uhakika wa mahali pote alipozaa.

Picha ya huyo siibandiki ubaoni. Nilijaribu mara moja, darasa likanyamaza vibaya.

Turudi nyumbani. Dodoma na Singida wanafika wageni gani, na lini?

Wa kwanza huonekana Agosti, ardhi yetu ikiwa kavu kabisa na vumbi limeshika miti. Watu hushangaa: mgeni kutoka Siberia anakuja kutafuta nini kwenye ukame? Anakuja kutafuta maji yanayorudi nyuma. Bwawa la Mtera likipungua linaacha kingo pana za tope. Hombolo, bwawa lililojengwa miaka ya 1950, vivyo hivyo. Maziwa ya Singidani na Kindai yana chumvichumvi na kina kifupi, na wadudu wake ni wengi. Kisha mvua zinaanza Desemba, na mbuga ya Bahi inajaa. Wasio wa huku wanijie taratibu: kwa sisi wa kati, mbuga si hifadhi ya simba; ni uwanda wa udongo mweusi unaotuamisha maji. Mto Bubu ukishuka, Bahi inakuwa ziwa la muda, na mwaka wa mvua haba inakauka ikapasuka.

Hapo utamkuta kitwitwi mdogo kabisa, Calidris minuta, wa gramu 20 na kitu, makundi kwa makundi. Utamkuta kitwitwi wa kawaida anayetikisa mkia, mara nyingi peke yake, hata kwenye mfereji wa maji mjini. Mdomo-mundu huchanganyika nao. Mtafute aliye mrefu kidogo, mdomo umeinama, na akiruka kiuno cheupe. Aprili ukibahatika utamwona ameanza kuvaa wekundu wa kuolea. Mwanzoni mwa Mei wameondoka.

Mjini hapa hapa mahali pazuri kuliko pote ni mabwawa ya majitaka ya Swaswa. Ndiyo, yananuka. Wanafunzi wangu huziba pua dakika tano za kwanza, halafu mtu anaona kitu na pua inasahaulika.

Miaka mingine mdomo-mundu ni wengi, miaka mingine hawapo. Kwa nini?

Panya. Siberia kuna panya wa tundra ambao idadi yao hupanda na kuporomoka kila baada ya miaka michache. Wakiwa wengi, mbweha wa kaskazini wanashiba na kuacha viota vya ndege. Wakiwa haba, mbweha wanageukia mayai na vifaranga, na mwaka huo karibu hakuna kijana anayeshuka Afrika. Kwa hiyo msimu mmoja mbaya Bahi usikutishe, na mmoja mzuri usikudanganye. Hesabu ya maana ni ya miaka kumi, mahali palepale, mwezi uleule. Ndiyo sababu sensa ya kimataifa ya ndege wa majini hufanywa Januari kila mwaka.

Kwa hiyo mnataka tuache kulima mpunga Bahi?

Mzee mmoja wa Bahi aliniuliza hivi akiwa amesimama ndani ya jaruba lake, jembe begani, nami nimezama tope hadi magotini. Nilimjibu: Shikamoo mzee, hapana. Jaruba lenye maji ya vidole viwili ni tope pia. Vitwitwi wanakula humo kabla mpunga haujafunga na baada ya kuvunwa, na hawagusi punje. Wanakula wadudu. Ng'ombe nao, mradi si maelfu kwa wakati mmoja, hukanyaga majani marefu na kuacha mahali wazi.

Kinachotisha ni vingine. Kuchepusha maji yote juu ya mto kiasi kwamba mbuga haijai. Kulima hadi ukingo wa mwisho wa bwawa, udongo ukishuka na mvua na kujaza kina. Hombolo wenyeji watakuonyesha maji yalipokuwa yakifika walipokuwa watoto. Na mji unaokua. Tangu serikali ihamie Dodoma mwaka 2016 kila kiwanja kina mwenyewe, na bonde linalojaa maji miezi mitatu kwa mwaka linaonekana kwa dalali kama ardhi iliyolala.

Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Ramsar mwaka 2000, na ina maeneo manne kwenye orodha: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Kilombero na Rufiji-Mafia-Kilwa. Kanda ya kati haina hata moja.

Dawa ya kwelea inawadhuru?

Inaweza. Ndege za kunyunyizia hulenga kwelea wanapolala, na dawa inayotumika ni sumu kali kwa ndege wa aina zote, si kwelea peke yao. Pakiwa pakavu mbali na maji, athari kwa vitwitwi ni ndogo. Pakiwa kwenye matete ya bwawa, yeyote aliyelala pembeni anaondoka nao, na anayekula mizoga anafuata. Simlaumu mkulima wa mtama na uwele anayepiga simu wilayani akilia. Nimeona shamba lililopitiwa, linabaki mabua. Ningependa tu wanaopanga kunyunyizia waulize kwanza kama kuna maji karibu. Na kama watu wa Kondoa wako tayari na nyavu zao, waachiwe watangulie.

Nimekuta ndege mwenye pete au kibendera mguuni. Nifanyeje?

Akiwa hai, usimkamate. Andika rangi ya kibendera, herufi na namba ulizozisoma, mguu gani, juu au chini ya goti, mahali na tarehe. Picha ya simu kupitia kioo cha darubini inatosha. Akiwa amekufa, chukua pete, au piga picha maandishi yote hadi yanayozunguka nyuma. Taarifa ipeleke ofisi ya wanyamapori ya wilaya, au kwa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI, Arusha. Usiivae pete hiyo kidoleni, kama alivyofanya kijana mmoja wa Hombolo, hata kama inakaa vizuri.

Na kwa wanaouliza kimyakimya: kuwinda ndege wa porini bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Kwelea wana utaratibu wao.

Naweza kuja nanyi?

Karibu. Tunakwenda Jumamosi ya pili ya Oktoba, ambayo ni Siku ya Ndege Wahamaji Duniani, na tena Januari kwa hesabu. Tunaondoka saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu saa tatu jua la Dodoma linafanya tope litetemeke kwenye darubini na kila ndege anafanana na mwenzake. Darubini tunazo tatu, moja ina ufa, tunapokezana. Njoo na kofia, maji ya kunywa, na viatu usivyovipenda.